Vichekesho Visivyochekesha: Lafudhi Pekee Haitoshi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya tatu, tuanze na jibu ambalo msahihishaji wa fasihi hukutana nalo aghalabu. Swali limeuliza jinsi mwandishi alivyotumia ucheshi. Mtahiniwa anaandika: "Ucheshi umejitokeza pale ambapo mhusika anaongea vibaya na kuwafanya watu wacheke." Basi. Hasemi mhusika huyo alikuwa akitafuta nini, alikuwa akizungumza na nani, wala kilichomponza ni kipi. Ukimwuliza mwanafunzi huyo wazo hilo amelitoa wapi, hatakutajia kitabu chochote. Atakutajia runinga.

Makala haya yanahusu vipindi hivyo vya runinga vya ucheshi vinavyorudi kila wiki, na hasa vile vilivyo vibaya. Nimevichagua vibaya kwa makusudi. Kazi nzuri huficha mishono yake, ilhali kazi mbovu humwonyesha mwanafunzi mahali hasa uzi ulipokatika.

Kwanza tuelewane kuhusu umbo lenyewe. Futuhi, au komedi kama wengine wanavyoiita, ni utanzu mpana. Tawi tunalolizungumzia hapa lina masharti yake: wahusika ni walewale, mahali ni palepale, kila juma huzuka tatizo, na tatizo likiisha kila mtu hurudi alipokuwa. Usidhani umbo hili lilizaliwa pamoja na runinga. Sungura na Fisi wa ngano zetu ni hivyo hivyo. Jana Sungura alimlaghai Fisi, na leo Fisi amekwisha kusahau, anaingia mtegoni tena. Abunuwasi naye huanza kila hekaya kana kwamba zile zilizotangulia hazikuwahi kutokea.

Lakini mtazame Abunuwasi kwa makini. Amesimama mbele ya mtawala anayeweza kumkata kichwa. Ana njaa, au ana deni, au kuna mnyonge aliyekimbilia kwake. Katika kile kisa maarufu cha maskini aliyedaiwa fedha kwa kula chakula chake huku akinusa harufu ya nyama ya tajiri, deni linalipwa kwa mlio wa sarafu. Hakuna anayekosea neno hata moja katika kisa hicho. Tunacheka kwa sababu tajiri amenaswa na hoja yake mwenyewe, na kwa sababu maskini alikuwa amebakisha hatua moja tu aangamie. Mwondoe tajiri, iondoe hatari, umwache Abunuwasi akitoa macho na kuparaganya maneno. Watoto watano wa kwanza watacheka, wa sita atauliza kisa kinaanza lini.

Aristotle, katika kazi yake iitwayo Poetics, alisema ucheshi huhusu kosa au ubaya ambao hauleti maumivu. Mfaransa Henri Bergson, katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1900 kuhusu kicheko, alidai kwamba huchekesha pale binadamu, kiumbe hai, anapotenda kama mashine. Kauli hii ya pili inatufaa sana. Ili nicheke mtu aligeuka mashine, sharti kwanza nimwone akiwa mtu. Mhusika bapa anayeingia na kibwagizo chake kimoja, akakisema, akatoka, akarudi juma lijalo na kibwagizo kilekile, huyo hakugeuka chochote. Alikuwa mashine tangu mwanzo, na mashine haichekeshi. Inapiga kelele tu.

Sasa tuje kwetu. Vioja Mahakamani na Vitimbi vya KBC ndivyo vilivyotufunza Wakenya wengi kutazama futuhi kwa Kiswahili. Vioja vilijengwa juu ya wazo zuri ajabu. Mahakama yenyewe ni mgogoro: mshtakiwa anataka kwenda nyumbani, kiongozi wa mashtaka anataka aende rumande, na katikati yao yuko hakimu. Mwandishi hana haja ya kutafuta taharuki, imeketi kizimbani. Hata hivyo, majina ya wahusika kama Makokha, Masaku na Ondiek Nyuka Kwota yalikutangazia kabila kabla mtu hajafungua kinywa. Katika vipindi vilivyo bora ulicheka ujanja wa utetezi, jinsi mshtakiwa alivyojikaanga kwa mafuta yake. Katika vile hafifu, kesi ilikuwa kisingizio tu, na mtazamaji alikuwa akisubiri 'l' ibadilishane kiti na 'r'.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba lafudhi haina nafasi katika sanaa. Mzee Ojwang wa Vitimbi, aliyetuchekesha kwa lafudhi ya Kijaluo miaka nenda miaka rudi, aliigizwa na Benson Wanjau, Mkikuyu, aliyefariki Julai 2015. Kapteni Otoyo wa Papa Shirandula, Mjaluo mwingine wa runinga, aliigizwa na Kazungu Matano, jina ambalo mkazi yeyote wa Matsangoni atakuambia mara moja ni la Kimijikenda. Lafudhi kwao ilikuwa barakoa, na kuvaa barakoa vizuri ni ustadi. Swali la mhakiki ni hili: nyuma ya barakoa kuna nani? Nyuma ya barakoa ya Ojwang alikuwako mwanamume anayetaka kuonekana bwana wa nyumba mbele ya Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, mwanamke asiyebabaishwa kirahisi. Ukinyamazisha sauti ya runinga bado ungeuona mvutano ule kwenye mabega yao.

Papa Shirandula, kilichorushwa na Citizen kwa zaidi ya mwaka kumi hadi kifo cha mwigizaji wake mkuu, Charles Bukeko, tarehe 18 Julai 2020, ni mfano unaofaa zaidi kufundishia, kwa sababu kinabeba uzuri na ubovu katika kipindi kimoja. Msingi wake ni dhahabu tupu. Papa ni bawabu, lakini mkewe anadhani mumewe ana kazi ya ofisini. Anatoka nyumbani kama mkubwa, anafika kazini na kuvaa sare ya ulinzi. Hiki ndicho kinaya cha kidrama tunachowahangaisha wanafunzi kukikariri: hadhira inajua, mhusika hajui. Kila anayepita langoni anaweza kuwa jirani, kila simu inaweza kuwa ya Wilbroda. Na kicheko chenyewe kina uchungu ndani yake, maana ni wanaume wangapi mjini wanaoaga nyumbani kwa jina la kazi wasiyoifanya? Vipindi vilivyoikumbuka siri hiyo vilikuwa miongoni mwa bora kabisa kwenye runinga zetu. Vilivyoisahau, vikampa kila mhusika zamu yake ya kuvunja Kiswahili na Kiingereza kwa namna ya kabila lake, viligeuka gwaride la lafudhi. Gwaride huchosha likipita mara ya tatu, hata bendi ikiwa nzuri namna gani.

Tatizo hili halikuzaliwa Nairobi. Wakenya wa rika langu tuliitazama sana Mind Your Language ya Uingereza, iliyoanza kuonyeshwa huko mwishoni mwa mwaka wa 1977: mwalimu Brown na darasa lake la jioni la wageni wanaojifunza Kiingereza, Mhindi, Mpakistani, Mjapani, Mwitaliano, Mgiriki na wengineo. Iliondolewa mwaka wa 1979 kwa kuonekana inawadhalilisha wageni, ikarejeshwa kwa muda mfupi katikati ya miaka ya 1980. Sisi tulicheka, tena sana. Lakini kwa jicho la mwalimu, tazama kinachokosekana: wanafunzi wale hawajifunzi. Juma la kwanza na juma la ishirini wako palepale, kosa lilelile kwa mtu yuleyule. Darasa ambalo ujinga wake hautakiwi kupungua, kwa kuwa ukipungua kipindi kitaisha! Ukilifundisha darasa la kweli wazo hilo halikuchekeshi kwa muda mrefu.

Hapa nimefika kwenye jambo lililonisukuma kuandika. Mtu wa pwani anapoingizwa katika futuhi za bara, mara nyingi huja amefungashwa tayari. Ana kofia na kikoi, anavuta maneno kama anayevuta mkeka, anasema "yakhe" kila baada ya sentensi, amelala chini ya mnazi, na ikiwa hakulala basi ana jini. Mwandishi wa mhusika huyu hakuhitaji kufika pwani kumwandika, na hilo ndilo kosa lake la kwanza la kisanaa, kabla hata hatujafika kwenye kosa la adabu. Amemchanganya Mswahili wa Mvita, Mbajuni wa visiwani na Mgiriama wa huku kwetu katika sufuria moja. Matsangoni, kwenye barabara ya kutoka Kilifi kwenda Malindi, utakaa siku nyingi kabla hujamsikia mtu akisema "yakhe". Utasikia Kigiriama, utasikia Kiswahili kilichopita mdomoni mwa Kigiriama, na utamsikia kijana wa bodaboda akiongea sheng' kuliko wa Nairobi.

Na huyo mlalaji wa chini ya mnazi, kama kweli mwandishi angeinua macho, angemwona mtu aliye juu ya mnazi. Mgema hupanda asubuhi na hupanda tena jioni, mti baada ya mti, na kijembe chake na kibuyu, bila kamba ya kumwokoa akiteleza. Hiyo ndiyo kazi ya yule anayeitwa mvivu. Futuhi haina wajibu wa kumsifu. Ina wajibu wa kumwona, kwa sababu akionekana ndipo kichekesho cha kweli kinapopatikana, tena cha bure.

Tufanye mfano. Mgema ana deni la chama. Amemwahidi mweka hazina, mama mzito wa maneno, kwamba yuko Malindi akitafuta pesa. Mama yule anapita njiani, anachoka na jua, anaketi kivulini chini ya mnazi uleule ambao mgema yuko kileleni pake. Mgema hawezi kushuka, hawezi kukohoa. Tembo limejaa kibuyuni na linaanza kudondoka. Tone la kwanza linamwangukia mama begani; anaangalia mbingu isiyo na wingu. Mara anatoa simu kumpigia mdeni wake aliyeko Malindi. Mwanafunzi, simu ya mgema iko wapi?

Hapo hakuna aliyedhihakiwa kwa kabila lake. Mgema na mama wote wawili ni Wagiriama, wote wana haki, na kila mmoja anataka kitu kwa dhati. Wakizungumza Kigiriama, Kiswahili sanifu au wasizungumze kabisa, kicheko kipo. Na tazama pia kwamba Aristotle ametimizwa: tunaogopa mgema asianguke, lakini hatutaki kabisa aanguke, maana akianguka futuhi imekwisha na tanzia imeanza.

Kwa nini haya yamhusu mwalimu wa Kiswahili? Kwa sababu runinga ikizimwa, kicheko chake huingia darasani. Jina lenyewe la Matsangoni lina sauti ya 'ts' ambayo Kiswahili sanifu hakina. Mtoto aliyelelewa akisema 'mudzi' kwa mji na 'kudza' kwa kuja anaposimama kusoma kifungu kwa sauti, ulimi humtoroka mara moja mbili. Zamani wenzake wangemsahihisha au wangenyamaza. Siku hizi kuna anayemwigiza papo hapo kwa sauti ya kwenye runinga, na darasa zima linacheka. Nimewaona wasichana kwa wavulana, wenye akili timamu na hoja nzito, ambao kuanzia Kidato cha Pili hawainui mkono tena. Wanaandika vizuri, hawasemi. Halafu tunaandika kwenye ripoti kwamba mwanafunzi huyu ni mkimya. Dhihaka ya lafudhi inadai kuwa ni kosa lisiloumiza. Linaumiza, na kwa kipimo kilekile cha Aristotle, lilipoanza kuumiza lilikoma kuwa ucheshi.

Tena huyo mtoto anacheka pia. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Anamcheka mlalaji wa mnazini wa runinga, anayepewa kumwakilisha babu yake, kwa kuwa sauti ya kicheko imewekwa pale kumwambia kwamba hapa pachekwe.

Sauti hiyo nayo ina historia. Katika miaka ya 1950 fundi mmoja wa sauti wa Marekani, Charles Douglass, alitengeneza mtambo uliohifadhi vicheko vilivyorekodiwa. Fundi alibonyeza vitufe, na kipindi kikacheka hata kama ukumbini hapakuwa na mtu. Watayarishi wa M*A*S*H, iliyoonyeshwa kati ya 1972 na 1983 na kusimulia maisha ya madaktari wa vita vya Korea, hawakuutaka mtambo huo; walifaulu angalau kuuondoa katika maonyesho ya chumba cha upasuaji, na Uingereza BBC ilikirusha kipindi bila vicheko kabisa. Hakikuharibika. Huku kwetu watayarishi wengi wamependelea milio ya vinanda na filimbi za katuni badala ya vicheko, lakini kazi ni ileile. Mwigizaji akianguka kitini, kinanda kinalia. Fanani wa ngano angetumia ujanja huo angefukuzwa barazani. Yeye huitazama hadhira usoni, na isipocheka hubadilisha njia.

Kwa upesi, mifano miwili ya mbali ya vipindi vinavyotajwa kila mara miongoni mwa vibaya zaidi duniani. My Mother the Car, ya NBC ya Marekani, 1965 hadi 1966, ilimhusu mwanamume ambaye mamake marehemu anaongea naye kupitia redio ya gari kuukuu. Jarida la TV Guide liliiweka mwaka wa 2002 katika nafasi ya pili kutoka chini kwa ubaya wa nyakati zote. Wagiriama hawangeona ajabu marehemu kuongea. Koma humjia mtu ndotoni, lakini huja na dai: anataka kigango chake, analalamikia kusahauliwa, na aliyeota hatalala hadi alishughulikie. Mama wa ndani ya gari hana dai zito kama hilo. Ana sauti tu, na mzaha wenyewe ni mmoja, unarudiwa kwa vipindi 30. Huo wa pili, Heil Honey I'm Home! wa Uingereza, ulimfanya Hitler mume wa nyumbani anayesumbuliwa na majirani Wayahudi. Kilirushwa kipindi kimoja tu, Septemba 1990, kikafutwa. Waliokitunga walidai wanaibeza mitindo ya futuhi za zamani, na yamkini walisema kweli. Ila jeraha lilikuwa mbichi mno kwa mzaha mwembamba kiasi kile.

Turudi darasani na kipimo ambacho nimekitumia na kukiona kikifaa. Wape wanafunzi onyesho fupi la futuhi yoyote waliyoitazama, waliandike kama tamthilia, pamoja na maelezo ya jukwaa. Kisha waambie wayaandike upya mazungumzo yote kwa Kiswahili sanifu, bila kubadilisha tukio. Kinachobaki kikichekesha ndicho ucheshi wa mtunzi. Kilichokufa kilikuwa lafudhi. Bawabu anayevua suti na kuvaa sare hupita mtihani huu bila jasho. Mshtakiwa wa Vioja anayejitetea hadi akajifunga hupita. Mhusika ambaye kazi yake yote ni kusema 'shakura' badala ya 'chakula' hubaki mstari mmoja, naye mwanafunzi mwenyewe hugundua kwamba hana la kuandika.

Kisha peleka kipimo hicho kwenye vitabu vilivyowahi kutahiniwa. Katika Amezidi ya Said Ahmed Mohamed, Ame na Zidi wanaishi pangoni, wavivu wa kutupwa, hata wavivu kuliko yule mpwani wa runinga. Kwa nini wao wanachekesha na yule hachekeshi? Uvivu wao si wa kabila. Ni wa nchi zinazongojea kulishwa, na ndoto zao ni kubwa kupita pango lao. Pengo kati ya ndoto na pango ndilo kichekesho. Sosi katika Mstahiki Meya ya Timothy Arege naye hahitaji lafudhi. Yeye ni fahari tupu katika mji usio na dawa, na fahari hiyo ina wahanga. Mtahiniwa anayeiona tofauti hii hataandika tena kwamba ucheshi ni "kuongea vibaya". Atamtaja mhusika, atataja anachokitaka, atataja kizuizi, atasema tashtiti hiyo inamlenga nani, na hapo alama zitakuja.

Onyo dogo kwa walimu wa tamasha za drama. Najua shinikizo lilivyo. Lafudhi tatu katika dakika mbili za kwanza huamsha ukumbi uliosinzia. Lakini waamuzi wameketi pale tangu asubuhi, na lafudhi hizo wamezisikia kwa shule sita zilizotangulia.

Zoezi: Chagua kipindi kimoja cha ucheshi ulichokitazama runingani na tamthilia moja uliyoisoma. (a) Mtambue mhusika mmoja katika kila kazi na ueleze anataka nini na ni nini kinachomzuia. (alama 6) (b) Onyesha jinsi kinaya kinavyozalisha ucheshi katika mojawapo ya kazi hizo. (alama 6) (c) Andika upya mazungumzo ya onyesho moja la kipindi hicho kwa Kiswahili sanifu, kisha ueleze kilichopotea na kilichobaki. (alama 8)